«Nimeona kwa macho yangu»: radi, ulozi na kumbukumbu zetu

Kila mwaka mvua zikirudi Maniema, kuanzia mwezi wa tisa, simu yangu inajaa habari za aina moja. Radi imepiga nyumba huko Pangi. Radi imeua mbuzi kwenye njia ya Kailo. Radi imemuangusha kijana aliyekuwa anatoka shambani. Na kabla majivu hayajapoa, jina la mtu limekwisha kutajwa. Siku ya pili mashahidi wamekuwa watano, siku ya tatu kumi, na wote wanasema neno lile lile: nimeona kwa macho yangu.

Wasomaji na wasikilizaji wa Kindu, wa Kasuku, Mikelenge na ng'ambo ya Alunguli, na ninyi jamaa mliokuja kwetu juu ya vita, mkitoka Kabambare, Salamabila, Kivu na kwingineko, leo nataka tuongee juu ya neno hilo. Sitaki kubishana kama ulozi upo ama haupo. Kila mtu na imani yake, na mimi nina yangu. Ninachokataa ni kwamba mtu mmoja aseme «nimeona» na neno hilo peke yake litoshe kumfukuza mtu mwingine nyumbani, kumnyima chakula, ama kumuua.

Maana tazameni jina linalotajwa ni la nani. Mara chache sana ni la mtu mwenye magari, ama la kiongozi mwenye walinzi mlangoni. Ni la mama mzee mjane. Ni la mtoto wa kambo ambaye baba yake hayupo. Na siku hizi, katika nyumba ambamo jamaa tatu zinalala chini ya bati moja, ni la mgeni aliyefika juzi na furushi kichwani, ambaye hakuna mtu wa ukoo wake wa kumtetea. Mtoto wa mwenye nyumba akishikwa na homa, macho yote yanamgeukia yeye. Hapo ndipo kumbukumbu inaanza kufanya kazi ambayo mwenyewe haijui: watu wanaanza kukumbuka kwamba mgeni yule alimtazama mtoto vibaya jana yake.

Tuanze na radi yenyewe, kwa sababu mkoa wetu una jambo ambalo wengi hatulijui. Wataalamu walichukua hesabu za satelite zilizokuwa zinaangalia radi kutoka juu, za miaka 16 kuanzia 1998, na mwaka 2016 wakatangaza orodha ya mahali ambapo radi zinamulika kuliko pengine pote duniani. Wa kwanza ni Ziwa Maracaibo, kule Venezuela, karibu radi 233 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Wa pili ni Kabare, Kivu ya Kusini, radi 205. Na wa tatu katika dunia nzima ni Kampene. Ndiyo, Kampene yetu, katika eneo la Pangi: karibu radi 177 kwa mwaka. Sake, karibu na Goma, iko pia katika kumi za kwanza.

Satelite inahesabu hata zile zinazobaki mawinguni bila kufika chini, kwa hiyo si kila moja inapiga mtu. Lakini gawanya 177 kwa siku za mwaka: kwa kilomita moja tu ya mraba, ni karibu radi moja kila siku mbili. Na hakuna anayesikia radi za kilomita moja peke yake. Kwa hiyo mkaaji wa Kampene akigombana na shemeji yake asubuhi juu ya shamba, radi itasikika wiki hiyo hiyo, tena pengine jioni hiyo hiyo. Haiwezekani isisikike.

Na sasa fikirini: ni magomvi mangapi yalipita bila radi kumpiga mtu yeyote? Ni maneno mangapi ya «utaona!» yaliyosemwa kisimani, na hakuna kilichoonekana? Hakuna mtu anayeyakumbuka. Hayana hadithi. Lakini gomvi moja lililofuatwa na radi litasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Kumbukumbu ya binadamu haiandiki kila kitu kama daftari la duka. Inashika kile kilichoitisha, na kuacha mengine yaanguke njiani.

Watu wananiambia: lakini radi imeua mbuzi wote wa mtu mmoja, na wa jirani wamebaki! Mwezi wa nane mwaka 2016, kwenye mbuga za Norway, radi iliua wanyama 323 wa jamii ya paa wenye pembe kubwa, mara moja, wakiwa wamesongamana juu ya kilima. Umeme wa radi ukifika chini hausimami pale ulipopiga. Unatembea ndani ya udongo uliolowa, unapanda mguu mmoja wa mnyama na kutokea mwingine. Waliokuwa wamekusanyika pamoja wanakufa pamoja, na walio kando kidogo wanabaki. Mbuzi wa mtu mmoja wanalala pamoja. Ndiyo maana.

Wakubwa watakumbuka pia habari ya mpira wa Kasai, mwezi wa kumi mwaka 1998. Gazeti moja la Kinshasa liliandika kwamba radi iliua wachezaji 11 wa timu moja katikati ya mechi, na timu nyingine haikuguswa hata mtu mmoja. Redio na magazeti ya dunia nzima yalirudia habari hiyo, na mpaka leo inasimuliwa kama ushahidi mkubwa wa ulozi kwenye mpira. Lakini wakati ule nchi ilikuwa vitani, na wakuu hawakuweza kuthibitisha kitu. Mimi nimekutana hapa Kindu na watu wanaoapa kwamba walikuwepo uwanjani. Wote hao! Kwa kuwahesabu, uwanja ule ulikuwa mkubwa kuliko ule wa Kinshasa.

Je, watu hao ni waongo? Mimi sidhani. Na hapa ndipo penye kiini cha mambo, nami naomba tusiende mbio.

Mwongo anajua kwamba anadanganya. Mtu ninayemsemea hapa hajui. Mwaka 1986 ndege ya anga ya Marekani iitwayo Challenger ililipuka mbele ya macho ya dunia. Kesho yake, mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Ulric Neisser, pamoja na mwenzake Nicole Harsch, waliwapa wanafunzi karatasi waandike: ulikuwa wapi uliposikia, nani alikuambia, ulikuwa unafanya nini? Karatasi zikawekwa. Miaka miwili na nusu baadaye waliwauliza wanafunzi 44 kati yao maswali yale yale. Robo yao walikosea kila kitu: mahali, mtu, saa. Lakini wengi walikuwa na uhakika kamili. Hata walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, mwandiko wao wenyewe, wako ambao kumbukumbu yao haikurudi kwenye lile waliloandika. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilisimama kidogo. Hao hawakuwa watu wenye njaa, waliokimbia usiku na watoto mgongoni. Walikuwa wanafunzi waliokaa kwenye viti.

Mwingine, Frederic Bartlett wa Cambridge, Uingereza, aliwasomesha watu hadithi ya vita na mizimu kutoka kwa wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, kiisha akawaomba waisimulie tena baada ya siku, wiki, miezi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1932. Waingereza wale walibadilisha mitumbwi ikawa mashua za kwao, na mizimu ikapotea kidogo kidogo, kwa sababu haikukaa vizuri kichwani mwao. Kila mtu alikuwa anatengeneza hadithi upya kwa vifaa vya kwao. Sisi hapa tunafanya hivyo hivyo, ila vifaa vyetu ni vingine. Kwa Mwingereza mzimu unatoka ndani ya hadithi. Kwetu, ikisimuliwa mara tatu, mzimu unaingia.

Tena swali linaweza kuharibu kumbukumbu kuliko muda. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na mwenzake John Palmer, huko Marekani, waliwaonyesha wanafunzi sinema ya magari mawili yanayogongana. Wengine waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani «yalipogongana», wengine «yalipopondana». Wiki moja baadaye wakaulizwa wote: mliona vioo vilivyovunjika? Katika kundi la kwanza watu 7 kwa 50 walisema ndiyo. Katika kundi la «kupondana», 16 kwa 50. Kwenye sinema hakukuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Neno moja ndani ya swali lilivunja vioo vile.

Sasa nendeni kwenye vyumba vya maombi, si vyote, lakini baadhi, msikilize namna mtoto mgonjwa anavyoulizwa. «Usiku ni nani anakujia? Ni mtu wa nyumba? Ni mwanamke? Anakupa nyama?» Mtoto wa miaka saba, hajala tangu jana kwa sababu amewekwa kwenye mfungo, amezungukwa na watu wazima wanaopiga kelele. Siku ya kwanza anasema hajui. Siku ya tatu ana jina, ana nyama, ana ndege iliyotengenezwa kwa ganda la karanga iliyompeleka mpaka Kinshasa na kumrudisha. Na mwezi mmoja baadaye anakumbuka kweli. Anailia ndege ile. Mtu mzima anasema: tazama, mtoto hawezi kubuni mambo kama hayo. Mtoto hakubuni. Aliulizwa.

Mnaniambia hiyo ni elimu ya Wazungu. Basi tuingie katika mji wetu wenyewe. Tarehe 11 Novemba 1961, wanajeshi wa anga 13 wa Italia, waliokuwa wameleta mizigo kwa askari wa ONU kutoka Malaya, waliuawa hapa Kindu na askari waliowadhania mamluki wa Katanga. Kuuawa kwao ni kweli, hakuna anayebisha. Lakini baada ya hapo? Habari zilizotoka mjini zilisema miili ilikatwa vipande na kutupwa ndani ya Lualaba. Wengine walisema iliuzwa na kuliwa. Habari hizo zilizunguka dunia, na jina la Kindu likabaki na doa mpaka leo katika nchi ambazo hazijui hata mto wetu uko wapi. Mwanzoni mwa mwaka 1962 mabaki yao yalipatikana yamezikwa ardhini, kwenye makaburi ya Tokolote. Yakapelekwa Italia, mji wa Pisa, na huko ndiko yaliko. Walikuwa wamezikwa, na watu walikuwa wamekwisha kuwaona ndani ya mto.

Nimewahi kumsikia mzee akisimulia mambo ya mto, kwa undani, rangi ya maji na yote. Nilipomtajia Tokolote alinyamaza, kiisha akasema: «Labda walikuwa wengine.» Sikumbishia. Ni mzee wangu.

Kiisha ukaja mwaka 1964. Simba waliingia Kindu mwezi wa saba, wakiwa wamenyunyiziwa dawa, wakipiga kelele «Mai Mulele», wakiamini risasi itageuka maji. Mulele mwenyewe alikuwa mbali, Kwilu, anapigana vita vyake, lakini jina lilitembea. Dawa ilikuwa na miiko: usiguse mwanamke, usigeuke nyuma, usimpe mtu mkono. Na kweli walishinda vituo vingi, kwa sababu askari waliokuwa mbele yao waliiamini dawa hiyo pia, na walikimbia. Mwanzoni mwa mwezi wa 11 mwaka ule ule, jeshi la serikali pamoja na mamluki walirudi Kindu na ndege na bunduki kubwa, na vijana wengi walikufa.

Lakini ushuhuda wa dawa haukufa pamoja nao. Kwa nini? Kwa sababu shahidi wa dawa ni yule aliyebaki mzima. Aliyepigwa risasi hakurudi kusema «haikufanya kazi». Na kama wenzake waliulizwa, jibu lilikuwa tayari: alivunja mwiko. Aligusa mwanamke. Aligeuka nyuma. Hata wale waliokuwa wanampenda walianza kukumbuka kwamba kweli, siku ile, walimuona na msichana fulani. Kule Tanganyika, katika vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, Kinjikitile aliwapa watu maji dhidi ya risasi za Wajerumani, akanyongwa mwaka ule ule wa kwanza, na vita viliendelea. Na ninyi mliotoka Kabambare na Kivu mnajua vizuri kuliko mimi kwamba maji hayo hayajakauka. Vijana wetu wanaendelea kunyunyiziwa, na wanaoshuhudia ni wale wale, waliobaki.

Kuna jambo la usiku pia, na hili ninalisema kwa ajili ya jamaa zilizohama, kwa sababu naambiwa mara nyingi. Mtu anaamka usiku, hawezi kusogeza mkono wala kupiga kelele, kitu kizito kimemkalia kifuani, na mlangoni kuna kivuli. Waswahili wanakiita jinamizi. Huko Pemba na Unguja, mwaka 1995, hofu ya namna hiyo iliitwa Popobawa. Watu walilala nje makundi makundi, wakisimulia kwamba wameshambuliwa, na mjini Zanzibar kundi la watu lilimuua mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa wa akili kwa kudhani kwamba ndiye.

Madaktari wanalijua jambo hilo. Tukiota, ubongo unafunga misuli ili tusirukeruke kitandani. Wakati mwingine akili inaamka kabla mwili haujafunguliwa, na ndoto inabaki imesimama ndani ya chumba. Haichukui muda mrefu. Inawapata zaidi watu waliolala vibaya, wenye hofu, waliochoka, wanaolala chali. Yaani inawapata watu waliolala kwenye sakafu ya shule baada ya kutembea wiki mbili msituni. Aliyeona kivuli ameona kivuli kweli. Lakini sura ya kivuli, jina lake, hiyo inakuja asubuhi, anapowasimulia wenzake na mmoja anasema: «Hakuwa na kilemba kama cha mama yule wa chumba cha pili?»

Na kutoka hapo mpaka moto si mbali. Mwezi wa tisa mwaka 2021, katika eneo la Kalehe na sehemu nyingine za Kivu ya Kusini, wanawake kadhaa waliuawa, wengine kwa kuchomwa, baada ya kutajwa kuwa walozi na wanawake wanaojiita manabii, wale wanaoitwa bajakazi. Hakuna aliyetafuta kitu kingine chochote. Ono la mtu mmoja lilitosha.

Sheria yetu haitaki hivyo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa anayemtuhumu mtoto ulozi kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini ya franka 200 000 mpaka milioni moja. Sheria inamtaja anayetuhumu, awe mzazi, awe mchungaji. Kwa watu wazima, sheria ya makosa inakataza kumpitisha mtu katika majaribio ya kishirikina, yale ya kumnywesha dawa ama kumuunguza ili ijulikane kama ni mlozi. Na kuua ni kuua, hata wakiwa watu mia moja wenye mawe. Tatizo ni kwamba hakuna anayekwenda kushtaki, kwa sababu wote wanaogopa jina linalofuata lisiwe lao.

Sisi watu wa habari tuna sehemu yetu, tena kubwa. Mtu analeta ushuhuda redioni, una damu, una radi, una mlozi aliyeanguka uchi juu ya paa, na sisi tunafungua maikrofoni kwa sababu wasikilizaji watapenda. Jioni watu elfu kadhaa wamesikia, na asubuhi wako ambao «walikuwepo». Kwa maoni yangu, ushuhuda wa kumtaja mtu kuwa mlozi haufai kupita hewani, hata jina likifichwa, kwa sababu katika mtaa wetu «mama mmoja mjane karibu na kisima» ni jina kamili.

Chifu wa mtaa akiletewa kesi ya namna hii, namuomba afanye kitu kidogo tu. Awatenganishe mashahidi kabla hawajakaa pamoja na kuongea. Amsikilize kila mmoja peke yake, siku hiyo hiyo, na karani aandike maneno kama yalivyo, na tarehe. Asiulize «ulimuona mama fulani?» Aulize «uliona nini?» na anyamaze. Aulize pia jambo ambalo halipendwi: kabla ya mtoto kufa, ulikuwa umekwisha kumwambia nani habari hii? Shahidi aliyekumbuka baada ya msiba peke yake, asikilizwe kwa heshima, apewe pole, lakini neno lake lisibebe uzito wa kumtoa mtu nyumbani. Na mtoto apelekwe hospitali kwanza. Malaria ya kichwani inamfanya mtoto aweweseke, aone watu, aongee lugha zisizoeleweka, na inaua kwa siku chache. Siku tatu za mfungo kwenye chumba cha maombi zinatosha.

Wachungaji wengi hapa Kindu wanalijua hili na wanawapeleka watoto hospitali wakiendelea kuwaombea. Maimamu vilevile. Nawashukuru. Wale wengine wanajijua.

Kwa jamaa zilizohama: kama katika nyumba mnamolala mtoto ama mzee ameanza kutajwa, msingoje mkutano wa usiku. Nendeni kwa polisi wa ulinzi wa watoto, ama kwenye ofisi ya maswala ya jamii ya mkoa, ama kwa mtu wa msaada anayewatembelea, mkamwambie kungali na mwanga. Mama mmoja aliyetoka upande wa Kabambare aliniuliza wiki hii kama anaweza kushtaki yeye ambaye hana karatasi ya kupigia kura, zilibaki nyumbani iliyochomwa. Nilimjibu kwamba anaweza, mtoto wake hahitaji karatasi ili sheria imlinde. Aliniuliza mara mbili.